Tonge la Kwanza

Nangai hakuwahi kula kabla ya Mama. Tangu alipoolewa kijijini Nelvayal, asubuhi zote za maisha yake zilikuwa hivyo: kengele ya hekalu ilie kwanza, Mama Uma, mungu wa kike wa kijiji, apelekewe wali wake na ua lake jekundu, ndipo na yeye afunue chungu. Zilikuwepo siku kuhani alichelewa, jua likapanda, na mumewe akawa anazunguka uani tumbo linamnguruma. Nangai wala hakugeuka.

"Akishakula yeye, utakula wewe," alimwambia. "Umemtengeneza kwa mikono yako, halafu unataka umtangulie kwenye jani la kulia chakula? Huna haya, Sattan."

"Nimemtengeneza asiyeona njaa, nikamwoa anayeninyima chakula," Sattan alijibu. "Makosa yote mawili ni yangu."

Kweli, aliyemtengeneza ni yeye. Sattan alikuwa fundi wa shaba, na Mama huyo, sanamu ya shaba, alitoka mikononi mwake miaka ishirini na miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Kimo chake kilifika paja la mtu. Alisimama ameegemeza nyonga, mkono mmoja umening'inia kama amechoka kidogo, mwingine umekunja vidole kushika ua. Alipokuwa bado nta, Nangai, bi harusi wa juzijuzi, aliombwa ashikilie kitako kisitikisike, na dole gumba lake la kulia likaacha alama pale chini. Sattan aliiona akacheka, akaiacha. Udongo ukapakwa, nta ikayeyuka ikatoka, na siku ya kumimina shaba Nangai akavua heleni zake za dhahabu akazitupa ndani ya chungu cha moto. Kalibu ya udongo ikavunjwa, Mama akatoka. Hawakujaaliwa mtoto mwingine. Watu walizoea kuwatania: fundi na mkewe wana binti mmoja tu, na huyo ameolewa na Mungu.

Sasa sikiliza jinsi walivyomzika.

Habari zilifika saa za asubuhi kwamba askari wa chifu wa milimani wamevuka mashamba ya mpunga ya kijiji cha pili, na wanachokitaka ni Mama wa Nelvayal, kwa kuwa sifa zake zimeenea kwamba aliye naye hashindwi vitani. Kijiji kizima kikaanza kuvuka Mto Kaveri kwenda msituni, na vyungu vyao na ng'ombe wao. Kuhani Isanan hakuvuka upesi. Alimtoa Mama kwa mlango wa nyuma wa hekalu, akamtia kwenye mkokoteni wa Sattan wa kubebea udongo, akamfunika kwa majani ya mpunga. 

"Usiniambie utamficha wapi," alimwambia Sattan. "Nisichokijua hakiwezi kung'olewa kwangu kwa koleo. Mlaze chali, kichwa mashariki, kwenye mchanga safi. Na jambo moja, fundi, ulishike kuliko yote: mauti yasimkaribie. Si mfupa, si damu, si nywele ya maiti. Maiti ikimgusa, huyu si Mama tena. Ni shaba, na shaba ya namna hiyo hurudi motoni siku hiyo hiyo."

"Baba kuhani, kinachorudi motoni nakijua mimi," Sattan alisema.

Yeye hakuweza kuvuka mto. Mguu wake wa kushoto uliungua zamani kwa shaba iliyomwagika, akawa anauburuta. Nangai aliambiwa aende na wanawake wenzake. Akaambiwa mara mbili, na mara ya pili alimrushia aliyemwambia ganda la nazi.

Katikati ya karakana ya kila fundi wa shaba pana shimo. Humo ndimo kalibu husimamishwa na kushindiliwa mchanga ili shaba imiminwe. Udongo wake umetifuliwa daima, na hakuna anayeushangaa. Sattan na Nangai walilifukua mpaka kina cha mtu, wakatandika majani matakatifu, wakamlaza.

"Amerudi alikozaliwa," Sattan alisema. 

Nangai alimwekea ua jekundu kifuani. "Lala, mwanangu," alimwambia. "Usikohoe." Kisha wakafukia, wakarusha juu vipande vya kalibu za zamani na majivu.

Askari walifika kesho yake jua likiwa bado chini. Kiongozi wao aliitwa Vengaiyan, na msidhani alikuwa mtu asiye na dini. Afadhali angekuwa hivyo! Alianza kwa kuoga kwenye bwawa la hekalu, akajipaka majivu matakatifu kipajini, akaingia kusali. Alipokuta chumba cha ndani kitupu, na taa bado ina mafuta, alilia kwelikweli, machozi yakamtiririka mpaka kwenye masharubu. Halafu akatoka, akaamuru watu wote waliobaki kijijini wakusanywe uani. Walikuwa kumi na wanne, wazee na vilema, pamoja na Sattan na Nangai.

"Mimi si mwizi," aliwaambia. "Bwana wangu amejenga hekalu la mawe, nyumba nzuri isiyo na mwenyewe. Nimekuja kumchukua bibi harusi. Yuko wapi?"

Mzee Kuttan, mpiga ngoma wa hekalu, hakuwa na jino hata moja lakini ulimi alikuwa nao. "Bibi harusi huposwa, mwanangu," alisema. "Hachukuliwi kwa mkuki. Hukufundwa kwenu?"

Watu wawili watatu walicheka, ndiyo, hata pale walicheka. Vengaiyan naye akatabasamu. Kisha akauchukua mkuki kutoka kwa askari wa kando yake, akautia katika kile kinywa kilichokuwa bado wazi, akausukuma mpaka ncha ikatokea kisogoni. Mzee Kuttan alisimama kidogo huku ameshikilia mpini kwa mikono miwili, kama anayetaka kumrudishia mwenyewe. Halafu akaanguka. Hakuna aliyecheka tena.

Vengaiyan akapita mbele ya waliobaki akiangalia mikono yao. Alipofika kwa Sattan alisimama. Mikono ya Sattan ilijaa makovu madogo meupe ya cheche.

"Hii ni mikono ya shaba," alisema. "Wewe ndiye uliyemtengeneza?"

"Ndimi."

"Basi wewe ndiye utakayejua amelala wapi. Baba hujua binti yake analala wapi."

Wakampeleka karakana kwake. Nangai wakamburuta kwa nywele ili aone. Wakamweka Sattan mbele ya fuawe lake mwenyewe, wakamfunga mkono wa kulia juu yake kwa kamba ya katani, na Vengaiyan akachagua nyundo ukutani. Mahali alipojipanga, miguu yake yote miwili ilikuwa juu ya shimo. Nangai aliuona mchanga ukididimia kidogo chini ya visigino vyake. Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu.

"Yuko wapi?"

Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo. Mlio wake haukuwa mkubwa, mithili ya kuni mbichi inayovunjwa kwa goti, lakini Sattan alitoa ukelele uliowafukuza njiwa juu ya paa. Kidole cha pili. Cha tatu kilipasuka kucha na nyama, damu ikamrukia Vengaiyan kifuani, akaipangusa taratibu kwa kitambaa.

"Yuko wapi, fundi?"

"Unapiga ovyo," Sattan alisema akihema. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. "Nyundo hushikwa mwisho wa mpini, mpumbavu wewe. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha kwa mama yako."

Wakambadilisha mkono. Wa kushoto ulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu Vengaiyan sasa alishika nyundo alivyofundishwa. Katika muda wote huo Sattan alimtazama Nangai mara moja tu, na chini hakutazama hata mara moja. Alipofikiwa kidole cha mwisho alikuwa hasemi tena, anakoroma tu. Vengaiyan alimwinamia kusikiliza, na Sattan akamtemea damu na vipande vya jino katikati ya yale majivu matakatifu ya kipajini.

Hapo hasira ikamshinda Vengaiyan. Nyundo ikampiga Sattan panda la uso, ikarudi tena, na tena.

"Nimeharakisha," Vengaiyan alisema, akitazama alichokifanya. Aliudhika kweli. Akawageukia watu wake. "Huyu hachomwi kama maiti wengine, hapati kuni wala moto. Mwacheni uani anuke mpaka mmoja wa hawa aseme. Na huyu mwanamke atatupikia."

Nangai akapika. Nani angekataa? Alipika wali na mchuzi wa ukwaju kwa watu sitini, na nzi waliokuwa wakitua kwenye wali walikuwa wametoka kwa mumewe, umbali wa hatua ishirini. Aliwafukuza mbwa kwa mwiko. Siku ile na ya pili yake askari walizunguka na fito za chuma wakichoma kila penye udongo laini, sakafuni mwa hekalu, bustanini, hata mazizini. Walilipasua bwawa maji yakatoka, na wazee wawili waliosema hawajui kitu wakazamishwa vichwa kwenye tope lililobaki mpaka wakaacha kurusha miguu. Hao walisema kweli. Hawakujua kitu.

Siku ya pili, akigawa chakula, Nangai alimsikia askari mmoja akimwambia mwenzake, "Kesho karakana. Pale shimoni pana mchanga mtamu wa kuchoma, mkono haupati taabu."

Mkono wa Nangai uliokuwa umeshika upawa ulisimama hewani.

"Mama, unanipa au unanionyesha?" askari aliuliza, na wenzake wakacheka.

Mchana ule, jua likiwa utosini, askari wengine walilala vivulini na wengine walikuwa bwawani. Nangai alichukua jembe. Hakuwaza sana. Angewaza, asingefanya, kwa sababu hilo alilolifanya halijawahi kufanywa na mtu yeyote wa kwao, wala mwizi, wala mwendawazimu. Huyu ni mwanamke ambaye siku zake za mwezi hakukanyaga hata kivuli cha ukuta wa hekalu. Huyu ni mwanamke aliyenawa mara tatu kabla ya kugusa ua. Alifukua shimo mpaka akaona mchanga safi, ule wa juu ya Mama. Akaacha shubiri moja tu ya mchanga huo. Kisha akaenda uani, akamshika mumewe kwa nguo ya kiunoni, akamburuta.

Sattan alikuwa amevimba. Nangai alipomshika mguu, ngozi ya kifundo ilimbanduka mkononi. Alimvuta, akapumzika, akamvuta tena, akilia bila sauti, na alipomfikisha ukingoni alimwingiza kwa miguu ili kile kilichobaki cha kichwa kisigonge.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nisamehe, mume wangu. Sijui hata nianze kumwomba nani."

Akamlaza juu ya binti yake, akafukia.

Vengaiyan alipoambiwa kwamba mjane amemfukia mumewe shimoni, aliinua mabega. "Vizuri. Alikuwa ameanza kunikatisha hamu ya kula." Kesho yake walipofika karakana na fito zao, fito ya kwanza ilitoka shimoni na uozo umeganda kwenye ncha. Aliyeichomeka aliitupa mbali, akaenda kunawa huku anatukana, na karakana ikaachwa.

Ingeishia hapo, Nangai angekuwa ameshinda. Lakini mazoea yana taabu.

Kila asubuhi, kabla hajaonja chochote, alikwenda shimoni na tonge la wali lenye samli kidogo, akaliweka juu ya mchanga. Kunguru wakaja, wakala. Askari waliona, hawakushangaa: mjane huwalisha kunguru kwa ajili ya marehemu, ni desturi ya kila nyumba. Jamani, Nangai! Mwanamke aliyeona vidole kumi vikipondwa asiseme neno, akaja kuponzwa na kitu kidogo namna ile. Kisimani palikuwa na mmea wa maua mekundu. Miaka ishirini na miwili mkono wake ulikuwa umechuma ua moja kila asubuhi, na mkono haukuambiwa uache. Ulichuma, ukaweka juu ya tonge. Mwenyewe wala hakujiona.

Siku ya kumi tangu Sattan afe, Vengaiyan alikuja akachuchumaa kando yake, ameshaoga, ameshasali.

"Mama," alisema kwa upole, "kunguru wa mumeo wanakula vizuri."

"Wanakula walichopata."

"Hata mama yangu huwalisha wa baba yangu. Ila yeye huwawekea ukutani. Wewe unaweka chini, palepale. Sawa, kila nyumba na mambo yake." Aliliokota lile ua kwa vidole viwili. "Lakini hili. Tangu lini maiti akapewa ua jekundu? Hili ni la mungu wa kike. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua."

Nangai aliutazama mkono wake kana kwamba si wake.

"Chimbeni," Vengaiyan alisema.

Askari wawili walichimba. Walipofika kina cha goti harufu ikawapanda, mmoja akageuka akatapika kwenye ungo wa udongo. Vengaiyan akaagiza ubani, ukachomwa vyetezo vitatu kuzunguka shimo, lakini la kuvunda halina ubani: moshi ulipanda na uvundo ukapanda nao. Jembe likagusa. Mgongo wa Sattan ukaonekana, mweusi, unatembea mabuu.

"Mtoeni. Mtazame chini yake."

Hakuna aliyesogea.

"Bwana, tuue tu," alisema yule aliyetapika. "Mke wangu ana mimba. Siwezi kugusa maiti ya siku kumi halafu nikarudi kwake."

"Wewe?" Vengaiyan alimgeukia wa pili.

"Bwana, nisamehe."

Vengaiyan akajifunga kitambaa puani, akatia mguu mmoja shimoni. Kutoka pale alipokanyaga mpaka kwa Mama palikuwa na mwili mmoja na shubiri moja ya mchanga. Nangai aliona akiinama. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza hata yeye.

"Shuka basi! Mbona unasita?" alipiga kelele. "Mtie mikono kwapani umnyanyue! Aliyemvunja vidole ni wewe, aliyempasua kichwa ni wewe, aliyemnyima moto ni wewe. Mmalizie na hili, uende ukasali ukiwa unanuka hivyo! Unaniuliza ua? Mama hayupo, mmemfukuza, ua lake nimpe nani? Nimempa aliyemtengeneza, maana sina mwingine! Kama ni dhambi, iweke karibu na zako tuone kama itaonekana!"

Vengaiyan alibaki ameinama, mkono umefika karibu na ule mgongo, na buu moja likamdondokea kwenye ukucha. Akautoa mkono haraka. Alitazama mwili, akamtazama Nangai, akautazama tena mwili.

"Hapana," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nimeua watu, siwahesabu. Lakini mimi mwenyewe, Vengaiyan, nisingeweza kumlaza Mama chini ya maiti. Hakuna wa damu yetu anayeweza." Akatoka shimoni. Alikuwa amepauka. "Fukieni."

Nangai akakaa chini.

"Hata hivyo," Vengaiyan alisema, akichomoa upanga, "umempa maiti chakula cha mungu. Kwa mkono gani?"

Nangai aliunyoosha wa kulia. Walimlaza kiganja juu ya fuawe la mumewe, na upanga ukalishukia dole gumba. Lilidondoka mchangani, likaruka kidogo.

"Tonge halishikwi bila gumba," Vengaiyan alisema. "Sasa hutakosea tena."

Kesho yake waliondoka. Kabla ya kuondoka, kwa uchungu wa kurudi mikono mitupu, waliwafungia wazee tisa waliobaki ndani ya ghala la mpunga wakalitia moto. Nangai aliachwa aishi, kwa kuwa aliyegusa uozo ule hakuna aliyetaka hata kumchoma mkuki. Alisikia sauti za ghalani mpaka zikakoma. Alikuwa anawajua wote kwa sauti.

Siku ya tatu watu wa Nelvayal walirudi kutoka msituni, kuhani Isanan mbele. Walimkuta Nangai amekaa mlangoni mwa karakana, mkono umefungwa kitambaa kilichokauka damu. Wanawake walipiga yowe, walimkumbatia, walimpa mtindi anywe. Isanan aliuliza jambo moja tu.

"Mama?"

"Hawakumpata," Nangai alisema, kwa kuwa ulikuwa ukweli na alikuwa amechoka kuubeba. Akawaeleza habari za nyundo, kidole kwa kidole. Isanan alilia waziwazi.

"Na fundi yuko wapi?"

"Shimoni. Walimnyima moto."

"Watamnyima wao, sisi hatumnyimi!" kuhani alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mtu huyu atatolewa leo, atachomwa kwa msandali. Kama kuni hazitoshi, ng'oeni nguzo za nyumba yangu. Akishapata heshima yake, tutamtafuta Mama kwa utulivu. Leteni majembe!"

Wakaleta. Loo, walivyokimbia kuyaleta, kwa mapenzi! Nangai aliinuka taratibu. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alimfikiria adui, akamshinda adui. Hakuwafikiria wenzake.

"Baba kuhani," aliuliza, "Mama akipatikana, na ikaonekana mauti yamemgusa, atafanywaje? Hakuna maji ya kumwogesha? Hakuna sala?"

"Nilikwisha sema siku ile. Huyo si Mama tena. Ni motoni, kabla jua halijazama." Isanan alimtazama kwa huruma. "Usijitie hofu, binti yangu. Sattan hakuwa mjinga."

Jembe la kwanza likaingia mchangani. La pili. Nangai alisikia kila moja kifuani. Aliona chungu cha moto, aliona ule mkono uliochoka ukilainika na kuinama, na uso, na ile alama chini ya kitako ikiyeyuka pamoja na heleni zake. Angeweza kunyamaza, na jioni ile mumewe angekuwa shujaa wa Nelvayal na binti yao angekuwa uji wa shaba.

"Acheni," alisema. Hawakumsikia. "Acheni! Hastahili!"

Majembe yakasimama.

"Nimewadanganya," Nangai alisema. "Mama walimpata. Sattan aliwaonyesha."

Isanan alimjia karibu. "Unasema nini?"

"Kidole cha kwanza tu." Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Walipogonga kidole cha kwanza, akasema. Alikuwa mwoga. Wakamchukua Mama wakaenda naye milimani, kisha wakamuua kwa dharau. Na mimi niliwapikia."

Halafu Tirunangai, shoga yake wa kisimani tangu ujana, ambaye baba yake alikuwa ameungulia ghalani, aliokota kipande cha kalibu akamrushia. Kilimpasua juu ya jicho. Baada ya hapo walikuja wote. Walimpiga kwa mipini ya majembe waliyokuwa wameyaleta kumheshimu mumewe, wakamvunja mbavu, wakamkata nywele kwa kisu kikachukua na ngozi. Nangai alijikunja akaukinga mkono wake wenye kidonda. Kati ya miguu yao alikuwa anatazama shimo. Isanan alilitemea mate.

"Abaki humo humo," kuhani alisema. "Mbwa kama huyu hachomwi. Asiguswe mpaka mwisho wa dunia. Rusheni miiba."

Wakarusha miiba, na takataka, na mavi ya ng'ombe, na hakuna aliyechimba tena.

Nangai hakufa. Walimtupa ng'ambo ya mto, karibu na mahali pa kuchomea maiti, na wachoma maiti, watu wasiopokewa na kijiji chochote, wakamsitiri kwenye kibanda chao. Kila mvua ilipokatika alipata habari za Nelvayal kwa wapitao. Karakana imebomolewa. Watoto wanapita pale wakitema mate, wamefundishwa jina la Sattan kama tusi. Wamemwagiza Mama mwingine kwa fundi wa mbali, na sura yake si nzuri. Mwaka wa nne mchoma maiti mmoja alimwambia kwamba lile shimo limepandwa migomba.

"Migomba?" Nangai aliuliza.

"Migomba. Imenenepa mno."

Nangai alicheka mpaka akashika mbavu zilizoungana vibaya. "Vizuri," alisema. "Watapata kivuli."

Asubuhi alifunua chungu chake. Alichota wali kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukushika tonge tena, akauweka kwenye jani, upande unaotazama mto, na juu yake ua. Kisha akachota tonge la pili, akaliweka kando, bila ua.

"Ngoja kidogo, Sattan," alisema. "Akishakula yeye."

Alisubiri mpaka kunguru walipokwisha, ndipo na yeye akala.